Pampu za Maji Voi na Taita Taveta: Kutoka Kata hadi Sola

Mto Voi hautiririki mwaka mzima. Kiangazi kikiingia, juu hubaki mchanga mtupu na maji hujificha chini. Kwa vizazi vingi, akina mama walifukua mchanga, wakasubiri maji yachuruzike, kisha wakayateka kwa kata. Milimani Taita chemchemi zilitosha, na mifereji iliyapeleka maji mashambani bila chombo cha kuyainua.

Miaka ya 1950 likalazwa bomba la Mzima, kutoka chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, ambako maji ya vilima vya Chyulu huibuka baada ya kuchujwa na mawe ya volkeno. Bomba hilo la zaidi ya kilomita 200 lilikusudiwa Mombasa. Maji huteremka yenyewe, na Voi hupata fungu lake njiani. Waliokaa mbali na bomba bado walihitaji pampu.

Miaka ya 1980 pampu ya mkono ya Afridev iliendelezwa katika kaunti jirani ya Kwale, kwa shabaha kwamba wanakijiji waitengeneze wenyewe. Fundi huifungua kwa spana moja, huvuta fimbo pamoja na pistoni, na kubadilisha mpira bila kung'oa bomba lililo kisimani. Inafaa kina cha hadi mita 45 hivi. Maji yakichelewa kupanda kila asubuhi, vali ya chini inavuja. Yakitoka kidogo kila mpigo, mpira wa pistoni umelika. Visima vingi vya tambarare za Voi vina chumvi, na chumvi hula mabomba ya mabati. Chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi, lakini hapo ndicho kinachodumu.

Wakulima wa kandokando ya mito, Voi hadi Taveta, walizoea baadaye mashine ya petroli. Pampu hiyo huvuta maji kutoka kina cha mita 7 tu hivi, hata injini iwe kubwa namna gani, kwa kuwa kinachoyapandisha maji ni mgandamizo wa hewa. Hivyo mashine hukaa karibu na maji, hujazwa maji kabla ya kuwashwa, na mdomo wa mpira wa kuvutia hufungwa chujio ili usivute mchanga. Kuishusha kisimani ni hatari kubwa: moshi wake hauonekani wote, nao huua.

Leo visima virefu hutumia pampu ya kuzama inayoendeshwa kwa sola. Haivuti, hukaa ndani ya maji na kuyasukuma juu. Uchaguzi wake huanza na vipimo vitatu: kina cha maji pampu inapofanya kazi, urefu wa kupanda hadi tangi, na kiasi ambacho kisima hutoa kwa saa. Kuinua lita 1,000 mita 100 kwenda juu hudai nishati ya takriban kilowati-saa 0.27, na karibu mara mbili yake upotevu wa pampu ukihesabiwa. Pampu inayozidi uwezo wa kisima hukimaliza maji, huzunguka kavu na kuungua. Kwa hiyo huwekewa kitambuzi cha kuizima maji yakishuka.

Sola imeondoa gharama ya mafuta, haikuondoa kazi ya utunzaji. Vumbi jekundu la Tsavo hutanda juu ya paneli na kupunguza nguvu, hivyo hufutwa kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kabla kioo hakijapata moto. Kiasi cha maji kwa saa kiandikwe kila mwezi: kikipungua polepole huku jua likiwa lile lile, pampu inalika au bomba linavuja.

Kamati za maji zisinunue pampu kwa sababu ni mpya au ina nguvu. Zinunue inayolingana na kisima, yenye vipuri vinavyopatikana Voi, Mwatate au Taveta na fundi anayeijua, na sehemu ya pesa za kila mtungi iwekwe akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza.