Wageni Wetu na Mioyo Yao



Hapa kwetu Kibuta, baada ya sala ya alasiri, wazee na vijana huketi chini ya mwembe ulio ubavuni mwa msikiti wakazungumza mpaka jua lichwe. Siku moja katika mwezi wa Shaabani mazungumzo yaliangukia wageni. Alikuwapo kijana mmoja ambaye huwatembeza wageni katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, naye alikuwa akitupangia mataifa kama mtu apangavyo maembe sokoni, dodo huku na bolibo kule. Mjerumani, alisema, hutaka kujua jina la kila mti, lakini chakula chake hutoka nacho mjini. Mmarekani huonja kila kitu na kukisifu kila kitu, hata kisichosifika. Mchina hupiga picha akarudi garini. Mwarabu hapendi kwenda kwa miguu. Mjapani yeye hula hata kisamvu kisichotiwa nazi, tena huomba cha pili.

Tulicheka sote, nami nikacheka. Kisha kijana akanigeukia akaniuliza, "Shekhe, wewe umehiji na umewaona watu wa kila rangi. Taifa gani lina moyo wa kuyapokea mageni?" Nilimwambia kwamba swali hilo nitalijibu kwa kalamu, kwa kuwa jibu lake lina habari yangu mwenyewe ndani, na habari ile sikuweza kuisema mbele ya wanafunzi wangu. Leo naisema mbele yako, msomaji, na wao wataisoma.

Kwanza nianze na Wachina, maana ndio wageni wa kwanza niliowaona kwa wingi. Nilikuwa mtoto wa chuoni wakati ilipojengwa reli ya TAZARA, kuanzia mwaka 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Njia yake inapita katika wilaya yetu ya Kisarawe, na huko Mzenga nilikuwa na mjomba. Nikienda kumtazama, tulikuwa tukikaa kando kuwaangalia Wachina wakifanya kazi, wote wamevaa namna moja, mkubwa wao humjui na mdogo wao humjui. Mjomba aliwapelekea madafu. Waliyakataa, wakainama na kucheka kwa adabu, wakaendelea na kazi. Kambini mwao walilima mboga zao wenyewe, wakazipika wenyewe. Hawakuketi barazani kwa mtu wala hawakuonja bada ya mtu. Basi kijiji kizima tukahukumu kwamba Mchina ni mtu wa kujifungia, hana moyo wa kupokea.

Miaka mingi baadaye nikapita Gongo la Mboto, nikaonyeshwa makaburi ya wale Wachina waliofia katika kazi ile. Ni zaidi ya 60, yamepangwa safu safu, na mwenye kaburi hakuondoka tena katika ardhi hii. Nikasimama pale nikajiuliza, mtu aliyetuachia mifupa yake nitasemaje kwamba hakutupokea? Walikuwa watu wa amri na wa kambi, na kazi yao ilikuwa na siku zake. Lile dafu la mjomba huenda wengi wao walilitamani. Na hao wa siku hizi ambao kijana wetu huwaona wakipiga picha na kurudi garini, wamekuja kwa basi moja, watu arobaini, na saa ya kuondoka imeandikwa. Mtie Mzaramo katika basi lile umwone kama hatapiga picha akarudi garini.

Wala tusijisahau sisi wenyewe. Nilipokwenda Hija mwaka 2012, katika sanduku langu mlikuwa na kilo tatu za unga wa sembe, dagaa, na chupa ya pilipili ya kusaga, na jirani yangu wa Temeke alikuwa na zaidi ya hivyo. Watu walituletea wali wa nyama uliopikwa vizuri, nasi tukaulizana kama hapana mahali pa kusonga ugali. Lau angekuwapo pale kijana wa taifa jingine anayepanga watu kama maembe, angesema nini juu ya Mtanzania?

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko la chakula. Wapo wasafiri ambao huonja kila kitu, wakajifunza lugha, wakavaa mavazi ya wenyeji, na juu ya hayo yote moyo wao usifunguke hata kidogo. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita katika nchi hii ya Uzaramo, akifuata bonde la mto Kingani ambao sasa twauita Ruvu, pamoja na mwenzake Speke, wakielekea maziwa ya bara. Mtu huyu alijua Kiarabu sana, na miaka minne kabla yake alikuwa amefika Makka na Madina kwa kujigeuza Mwislamu. Alijifunza na Kiswahili pia. Kwa kipimo cha kuyajaribu mageni, msafiri wa kumshinda utamtafuta kwa taabu. Kisha akarudi kwao akaandika juu ya babu zetu kwa dharau ambayo mwenye kuisoma leo hukunja uso. Alitwaa lugha yetu na habari zetu akaenda nazo, na heshima hakuitwaa. Basi kijana wangu wa Kazimzumbwi akiniambia mgeni fulani ni mwema kwa kuwa amekula kisamvu, nami humwuliza, alipomaliza kula alisema nini?

Na yupo msafiri wetu mkubwa, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika Maghribi mwaka 1304. Alifika pwani hii mnamo mwaka 1331, akapitia Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa. Mogadishu walimwekea wali wa samli na vitoweo juu yake, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na ndimu za achari na tangawizi mbichi na maembe, akala na kuyaandika yote kwa furaha. Walimpa nguo ya kujifunga kiunoni badala ya suruali, akaifunga. Kilwa alimsifu sultani kwa ukarimu na unyenyekevu. Mtu akisoma habari hizi atasema, huyu ndiye msafiri mwenye moyo mpana.

Sasa mfuate mtu huyo huyo mpaka Mali, miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 1352. Mkaribishaji alimtolea uwele uliochanganywa na asali kidogo na maziwa ya mgando katika nusu ya kibuyu, naye akaudhika, akaona watu hawa hawana heri, hata akafikiri kurudi alikotoka. Mfalme wa Mali alipomtumia zawadi alidhani ni mavazi na fedha. Alipoona ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa, akacheka kwa dharau. Na kabla ya hapo, katika visiwa vya Maldivi alikofanywa kadhi, aliwaamrisha wanawake wavae kama alivyozoea kuona kwao, na hakuweza. Mtu ni yule yule, na taifa lake halikubadilika. Tena nimpe haki yake, kwani kuhusu Mali hiyo hiyo aliandika kwamba dhuluma kwao ni chache, msafiri hana hofu ya mwizi, na watoto wao hukazaniwa kuihifadhi Kurani. Mtu anaweza kuwa amekasirika na bado akasema kweli. Mimi naona alipofika Mali alikuwa amekwisha kuwa mkubwa. Alikuwa amezoea kupewa, na mtu aliyezoea kupewa huona tabu kuonja.

Neno hilo, msomaji, nimeliandika juu ya Ibn Battuta lakini ni langu.

Siku ya pili ya Idi ya kuchinja, mwaka 2010, walitufikia wageni kutoka Uturuki ambao walikuja kugawa nyama ya kurubani katika vijiji. Mmoja wao, kijana wa miaka kama thelathini, alilala kwetu usiku mmoja kwa sababu gari lao liliharibika. Kiarabu chake kilikuwa cha kitabuni, kama changu, kwa hiyo tulielewana. Usiku ule alikula nasi bada na papa mkavu. Harufu ya papa aliyekauka mnaijua, nyinyi watu wa pwani. Nilimwona alipoileta tonge karibu na pua, akasita, akasema bismillahi, akala. Wanangu wakampenda saa ile ile.

Alfajiri nikasalisha. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi husoma kunuti katika rakaa ya pili ya alfajiri, nami nikasoma, na msikiti ukaitikia. Baada ya salamu mwanafunzi mmoja akaniinamia sikioni, akasema yule mgeni hakuinua mikono wala hakuitikia amini, alisimama kimya. Nilijua sababu. Waturuki wengi ni wa madhehebu ya Hanafi, na kwao hapana kunuti katika alfajiri, na anayesali nyuma ya imamu mwenye kuisoma hutulia kimya amngoje. Haya nilifundishwa chuoni nikiwa na miaka ishirini. Alikuwa amefanya adabu iliyo kubwa kabisa katika elimu yake.

Lakini watu walikuwa wakinitazama. Nami ndiye shekhe. Nikageuka katika darsa, nikasema kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, kwamba mwenye kuingia kwa watu afuate ya watu, na kwamba wapo wanaokuja na nyama mkononi wakadhani wameleta na dini. Maneno haya nimeyaandika kama nilivyoyasema, sikuyapunguza.

Yule kijana akainamisha kichwa. Hakujibu. Gari lilipotengenezwa, alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ya shekhe, nisamehe." Nami nikamwambia, "Mwenyezi Mungu akusamehe," kana kwamba alikuwa na kosa.

Miaka miwili baadaye nilikuwa Makka, katika Msikiti Mtukufu, safu za nyuma, ubavuni mwangu mzee wa Indonesia. Yeye naye ni Shafi kama mimi, kwani watu wa huko wengi wao ni Shafi. Imamu akasalisha alfajiri. Rakaa ya pili akarukuu, akainuka, nami mikono ikataka kupanda, na yeye akaenda sijida. Hakusoma kunuti. Sikumkemea mtu. Sikunong'ona hata neno. Nilifuata kama mtoto. Tulipotoa salamu yule mzee na mimi tulitazamana, akatabasamu, akanipa tende, na wakati ule ndipo nilipomwona kijana wa Kituruki ameinamisha kichwa, nikashindwa kuimeza tende ile.

Imamu Shafi mwenyewe, ambaye kwa jina lake nilimwaibisha mgeni wangu, alikuwa msafiri. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akakulia Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akaenda Yemen na Baghdadi, akafia Misri mwaka 204. Kila mwanafunzi wa fiqhi anajua kwamba ana kauli za kale na kauli mpya. Alipofika Misri aliona na kusikia mengine, akarudi katika maneno yake mwenyewe akayabadili, na hakuona haya. Tena imepokewa kwamba alisali alfajiri karibu na kaburi la Imamu Abu Hanifa huko Baghdadi akaiacha kunuti, kwa kumstahi mwenye kaburi. Maiti alimstahi, nami niliye hai sikumstahi aliye hai, ndani ya msikiti wangu, baada ya kula naye chungu kimoja.

Na Mtume (S.A.W.) aliwekewa mburukenge wa jangwani aliyechomwa, nyumbani kwa Bibi Maimuna. Akaurudisha mkono. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu, naye akamjulisha kwamba si haramu, ila mnyama huyu hapatikani katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta akamla, na Mtume (S.A.W.) anatazama. Hadithi hii nimeisomesha mara nyingi katika mlango wa vyakula. Siku hizi naisomesha katika mlango wa wageni. Nafsi kukataa kitu ni jambo moja, na kumkataza mwenzio ni jambo jingine, na mimi nilikuwa nimevichanganya miaka yote hiyo.

Basi kijana wangu wa Kazimzumbwi, swali lako la taifa sikulijibu, kwa kuwa katika usiku mmoja na alfajiri moja hapa Kibuta niliona mgeni aliyepokea papa mkavu na kunuti ya watu, na mwenyeji asiyeweza kupokea kimya cha mtu mmoja. Ukinipanga mimi kwa taifa langu, utawadhulumu Watanzania.

Wageni wa kurubani wamekuja tena mara kadhaa. Kila wakija huwauliza juu ya kijana yule, jina lake la kwanza ndilo nilijualo, na la baba yake sikuuliza. Idi iliyopita nilimwuliza mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, kama anamjua, nikamweleza umbo lake na kovu dogo lililo juu ya jicho. Akacheka kwa huruma, akaniambia kwamba Istanbul peke yake ina watu zaidi ya milioni 15, na majina kama hilo ni mengi kuliko minazi yenu. Nikampa ujumbe hata hivyo. Aliuandika katika kitabu chake kidogo, akanisomea nilivyosema ili nihakikishe, kisha akauliza kama papa mkavu bado yupo.