Nyuma ya Picha: Safari Yetu ya Lango la Machame

Tuliondoka Tanga mara baada ya sala ya Alfajiri, watu watano na mabunda mawili. Ndani ya mabunda mlikuwa na nguo za baridi, yaani makoti, soksi za sufu na glavu, ambazo vijana wa madrasa yetu walizinunua katika mitumba kwa fedha walizochanga wenyewe. Zilikuwa amana mikononi mwetu mpaka ziwafikie wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Na sababu ya vijana kuwachagua wapagazi mwaka huu ni filamu moja ya Kiingereza.

Filamu hiyo ni ya mwaka 2009. Katika mwaka huo jumuiya ya Uingereza iitwayo Comic Relief, ambayo hukusanya sadaka kwa njia ya vichekesho na muziki katika televisheni, iliwaleta Tanzania watu mashuhuri tisa wapande Kilimanjaro, ili Waingereza wakiwaona wanavyotaabika watoe fedha za kupambana na malaria. Aliyewakusanya ni mwimbaji Gary Barlow. Waimbaji wenziwe walikuwa Cheryl Cole, Kimberley Walsh, Alesha Dixon na Ronan Keating; na watangazaji walikuwa Chris Moyles na Fearne Cotton wa Redio 1 ya BBC, pamoja na Ben Shephard na Denise Van Outen wa televisheni. Wote tisa walifika kileleni Jumamosi, tarehe 7 Machi 2009, na fedha zilizopatikana zilizidi pauni milioni 3.

Kijana wetu mmoja aliitia filamu hiyo katika simu yake, nayo ikatazamwa madrasani mara mbili tatu baada ya darasa. Mara ya tatu binti mmoja wa darasa la juu aliuliza: "Na hao wanaopita na mizigo kichwani, wao ni kina nani?" Hapana aliyekuwa na jibu. Mchango ulianza usiku ule ule.

Njia ya Tanga hata Moshi ni ndefu lakini haichoshi macho. Ukiisha pita Segera na Korogwe, mashamba ya mkonge hukufuata kwa safu zake zilizonyooka, na upande wa kulia milima ya Usambara husimama kama ukuta. Baada ya Mombo nchi hukauka, na milima ya Upare hupokea zamu. Tulisali Adhuhuri na Alasiri mjini Same kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Mlima wenyewe ulituficha uso wake mchana kutwa. Tulipofika Moshi jioni, mawingu yakafunguka kwa muda mfupi, na ile theluji ya Kibo ikaonekana juu mno kuliko pale macho yetu yalipokuwa yakiitafuta. Binti wetu alisema, "Subhanallah, mimi nilikuwa naangalia chini." Kweli, sisi watu wa pwani hatukuzoea kuinua shingo namna ile. Kilele kina urefu wa mita 5,895, na huko hewa ni kama nusu tu ya nguvu ya hewa tunayoivuta ufukoni.

Asubuhi tulipanda gari la kwenda Machame. Mlima una njia kadha wa kadha, nasi tuliichagua hii kwa kuwa ni miongoni mwa zile zipitwazo na watu wengi. Gari liliacha barabara ya Arusha likashika njia ya mlimani, kati ya migomba na mibuni, na huku na huku tuliona mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu zama za mababu ili kuyaleta maji ya mlimani katika vihamba vyao. Kisha migomba ikakoma, msitu ukaanza, na pale msitu unapoanza ndipo lipo lango.

Aliyeiona filamu hudhani kwamba safari ya mlima huanza kwa hatua ya kwanza ya mgeni. La, huanza kwa mizani. Kabla mgeni hajamaliza kufunga kamba za viatu vyake, wapagazi wamekwisha panga mstari ili mizigo yao ipimwe, kwani sheria ya hifadhi hairuhusu mtu mmoja kubeba zaidi ya kilo 20. Tuliona mtungi wa gesi, trei za mayai, meza ya kukunja, viti, mahema, hata choo cha plastiki ambacho mgeni atafungiwa ndani ya kihema chake peke yake. Mpagazi mmoja alizidi kilo mbili. Akafungua fungu, akatoa magunzi mawili ya kabeji na kifuko cha viazi, akampa mwenziwe, akarudi kwenye mizani. Hakuna kamera iliyokuwapo.

Pembeni, chini ya mti, alikaa mzee mmoja wa makamo ya baba zetu, ambaye alitwambia kuwa amebeba mizigo ya mlima huu kwa miaka mingi mpaka goti likamkataa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnapanda leo?"

"Hatupandi. Tumekuja kwenu ninyi."

"Kwetu sisi wagumu?" Akacheka. Tukajua hapo kwamba "wagumu" ndilo jina wanaloitana wapagazi wenyewe.

Mzee huyu aliwahi kuwabebea watu wa filamu, si mara moja, nasi tulimwuliza kazi hiyo ikoje. Maelezo yake tunayaandika kwa urefu, kwa kuwa ndiyo tuliyoyafuata.

Alisema kwamba mtangazaji anapoonekana peke yake katika jangwa la mawe, akipumua kwa shida, hayuko peke yake hata kidogo. Mbele yake yuko mpiga picha, ambaye amepanda mbio ili awahi kumngojea pale juu. Kando yuko wa sauti, na kijiti chake kirefu. Nyuma yuko kiongozi, akiwa na dawa na hewa ya mtungi. Pengine huambiwa, "Rudini nyuma mpite tena," kwa kuwa wingu lilifunika jua, au kwa kuwa mpagazi alipita katikati ya picha. Naye mpagazi hana budi kupita, kwani yeye hutoka kambini wa mwisho na hutakiwa afike wa kwanza, ili mgeni akute hema limesimama na chai imechemka. Usiku betri za kamera huzizima kwa baridi, basi wapiga picha hulala nazo ndani ya mifuko yao ya kulalia kama mama na mtoto. Na mtangazaji, akiisha ingia hemani, huachiwa kamera ndogo ili aseme nayo peke yake. Na mara nyingi huko ndiko anakolia.

"Analia kweli?" kijana wetu akauliza.

"Mlima hauna mchezo wa kuigiza, mwanangu. Kichwa kikiuma kule juu kinauma. Mtu mashuhuri hutapika kama mimi."

Jibu hili lilitutosha kuacha dhana mbaya. Tulikuja na shaka, hatufichi, kwamba safari za namna hii ni maonyesho matupu. Lakini kupanda mpaka mita 5,895 kwa ajili ya mtoto usiyemjua si jambo la kudharauliwa. Watu wamekufa katika mlima huu. Na katika miaka ile ile ya 2009 na 2010 serikali yetu ilikuwa ikigawa bure mamilioni ya vyandarua vyenye dawa kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na mabinti na vijana wa kiwanda kimoja cha Arusha walikuwa wakivifuma. Mtoto aliyelala ndani ya chandarua hamwulizi mtoaji kama alipigwa picha.

Mzee akaongeza neno moja ambalo hatukulitazamia. Alisema: "Mwenye kamera naye ni mgumu mwenzetu. Amebeba, na uso wake hauonekani."

Hapo tukamkumbuka kijana mmoja wa Dar es Salaam. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko huko akaanzisha shirika lake la picha, Camerapix, mwaka 1963. Mwezi wa Oktoba 1984 alikwenda Korem, Uhabeshi, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, akapiga picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa katika uwanda wenye baridi ya alfajiri. Picha zile zilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, kisha zikaenea duniani. Kutokana nazo mwimbaji Bob Geldof alikusanya wenziwe, likafanyika tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, na mwisho wa mwaka huo huo Comic Relief ikaanzishwa. Kwa hiyo safari yote hii ya watu mashuhuri, hata ile ya Kilimanjaro, ukiifuata kinyumenyume utafika kwenye jicho la mtu mmoja wa Afrika Mashariki, ambaye vijana wetu watano kati ya watano hawakupata kulisikia jina lake. Mwaka 1991 mripuko wa silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono. Akatiwa mkono wa bandia akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyopanda ilitekwa nyara, ikaanguka baharini karibu na Ngazija, na yeye akawa miongoni mwa waliokufa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tofauti ni hii: katika picha za Korem nyuso zilikuwa za wenye njaa, na katika filamu ya mlimani nyuso ni za wageni. Zile za kwanza ziliwavua stara watu waliokuwa wamekwisha nyang'anywa kila kitu. Hizi za pili zinawasahau kabisa. Ni shida kusema ipi ina aibu zaidi. Waingereza wenyewe walianza kugombana juu ya jambo hili. Mwaka 2017 filamu ya mwimbaji Ed Sheeran huko Liberia ililaumiwa. Mwezi wa Februari 2019 mtangazaji Stacey Dooley alipiga picha akiwa amempakata mtoto wa Uganda, na mbunge David Lammy akasema hadharani kwamba dunia haiwahitaji tena wakombozi weupe. Mwezi wa Oktoba 2020 Comic Relief ilitangaza kwamba haitawapeleka tena watu mashuhuri Afrika kupiga filamu zake za michango, bali itawapa kazi hiyo watengenezaji wa filamu wa Kiafrika. Wengine walinung'unika kwamba fedha zitapungua. Huenda, lakini heshima ya maskini si bidhaa ya kuuzwa hata kwa bei nzuri.

Tuliyasema haya yote pale chini ya mti kwa ufasaha mkubwa. Sasa, wasomaji, tuwasimulieni yaliyotupata sisi.

Tulifungua mabunda. Wapagazi waliokuwa bado hawajapata zamu ya mizani walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, wakachagua. Mmoja, kijana wa miaka kama ishirini hivi, alikuwa amevaa koti jepesi la mvua juu ya fulana. Tulimpa koti zito la buluu. Akalipokea kwa mikono miwili, na wakati ule ule kijana wetu akainua simu akapiga picha: mkono wetu unatoa, mikono yake inapokea, uso wake umeinama.

Yule mpagazi akaliweka koti chini.

"Mama yangu anajua kwamba nafanya kazi," alisema. "Hajui kwamba napewa nguo."

Tulinyamaza. Twaijua sote Surat al-Baqara, namna ilivyoikubali sadaka ya dhahiri ikaisifu zaidi ile ya siri, na namna ilivyotukataza kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Tumeisoma, tumeifundisha, na mwenye kupiga picha ni mwanafunzi wetu, na aliyemwagiza apige ni sisi, kwa ajili ya ukurasa huu.

Aliyetuokoa ni mzee wa goti. "Mpigeni akiwa na mzigo," alisema. "Hivyo mlivyompiga, mmempiga na msaada. Mpigeni na kazi yake."

Kijana wetu aliomba radhi, akaifuta picha mbele ya macho ya mwenyewe. Mpagazi akalitazama koti, akalivaa, akafunga zipu mpaka shingoni. Kisha akainua mfuko wake uliokwisha pimwa, kilo 20 kasoro kidogo, akautua kichwani, akasimama wima akitazama simu moja kwa moja. Alitutajia jina lake na la baba yake, akataka yaandikwe. Yameandikwa katika daftari ya madrasa, kwa wino, na picha ile ya pili imebandikwa hapo hapo. Hatuichapi hapa kwa kuwa hatukumwomba ruhusa hiyo.

Waliondoka kama saa sita mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la lango, na koti la buluu lilionekana hatua thelathini hivi, kisha halikuonekana tena. Mzee alitupa mkono, akatuombea safari njema.

Jioni tulipofika Moshi, simu ya kijana wetu ilikuwa ikilia bila kukoma. Ile picha ya kwanza, kabla ya kufutwa, ilikuwa imekwisha pelekwa Tanga katika kundi la wazazi, na wazazi walikuwa wakiandika "Mashaallah" na "Mwenyezi Mungu awalipe." Tuliwaandikia tukawaomba waifute. Watatu walijibu kwamba wameifuta. Wengine walijibu kwamba wamekwisha wapelekea jamaa zao.