Uganga wa Gari Kuukuu

Maradhi yasiyo na jina hayana dawa. Mgonjwa akimwambia mganga kuwa anaumwa, na asiseme kinachouma, humwachia mambo mawili: kukisia, au kumpa kila dawa iliyo kabatini. Yote mawili ni ghali, na la pili laweza kuua. Neno hili ni kweli kwa mwili wa mtu. Nimeliona kuwa kweli pia kwa gari, hasa gari kuukuu la otomatiki, ambalo hujibadilishia gia lenyewe pasipo kuamriwa na mkono wala mguu wa dereva.

Gari la namna hii si geni duniani. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger aliomba hataza ya chombo cha kupeleka nguvu kwa njia ya majimaji. Na kampuni ya General Motors ya Marekani ilitia giaboksi iitwayo Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwetu lilienea kwa magari yaliyokwisha kutumika Japani. Dereva mwenye gia za mkono huijua klachi yake kwa mguu. Ikichakaa, mguu humpa habari. Mwenye otomatiki hana mjumbe huyo. Baina ya injini na magurudumu yake mna pampu inayosukuma oili, valvu zinazoigawa, na bati za klachi zinazobanwa kwa kani ya oili hiyo. Kani ikipungua, bati hazibanwi sawasawa, zisipobanwa huteleza, zikiteleza huungua. Hivyo uharibifu mkubwa ulio ndani huweza kuwa mtoto wa jambo dogo lililo nje.

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1998. Limewazidi umri wanafunzi wangu wengi. Kipupwe kimoja lilianza tabia mbili. Asubuhi nilipotia gia ya kwenda mbele, lilikaa kitambo kabla ya kushika. Barabarani, lilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilipaza sauti lakini mwendo haukuongezeka. Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa Iringa, akingoja nimfuate nimlete Dar es Salaam atazamwe macho. Aijuaye njia hiyo aujua mlima wa Kitonga: upande genge, upande korongo, mbele lori na nyuma lori. Kuupanda kwa gari linaloteleza ni kujitakia kusimama katikati ya kona. Kuushuka nalo, mama akiwa ndani, na gia ndogo zikikataa kushika, ni kuzitegemea breki peke yake mpaka zipate moto na kulegea.

Katika gereji ya kwanza fundi alizunguka mtaa na gari mara moja, akarudi, akatoa hukumu kwa maneno mawili: "Giaboksi imekufa." Dawa yake ilikuwa kutia nyingine, iliyotolewa katika gari lililokatwa, kwa bei iliyolingana na karo ya mwaka mzima ya mpwa wangu ninayemsomesha. Nilimwuliza giaboksi ilikufa kwa ugonjwa gani. Alijibu kuwa otomatiki zikizeeka hufa. Jibu hilo lilikuwa tanzia, na mimi nilitaka uchunguzi. Nilimshukuru nikaondoka.

Fundi wa pili alikuwa mzee. Baada ya shikamoo na marahaba hakulitazama gari, alinitazama mimi. "Niambie, Mwalimu," alisema, "gari linachelewa au linateleza? Linapiga au linatetemeka? Ni asubuhi tu, au hata likiisha pata moto? Ni mbele tu, au na rivasi pia?" Nilimjibu moja baada ya jingine: linachelewa asubuhi, mbele na nyuma pia, linateleza kati ya gia ya pili na ya tatu, halipigi wala halitetemeki. Akatikisa kichwa kama msomi aliyepata sahihi ya nakala.

Yafaa msomaji ajue kwa nini maswali hayo yalikuwa na thamani. Kila kitenzi katika hivyo hufungua mlango mmoja na kufunga mingine. Gari linalochelewa kushika kwanza hutuhumiwa uhaba wa oili au udhaifu wa kani yake. Linaloteleza hutuhumiwa hayo hayo, au kuchakaa kwa bati. Linalopiga wakati gia inapoingia hutuhumiwa kani iliyozidi, na pengine giaboksi haina hatia yoyote, bali ni mipira inayoishika injini iliyokatika. Linalotetemeka katika mwendo wa wastani hutuhumiwa oili iliyochoka, au klachi iliyomo ndani ya chombo cha majimaji. Kama dosari ni ya mbele peke yake na rivasi haina neno, tuhuma huhamia kwenye klachi ya mbele. Ikiwa ni pande zote mbili, hutazamwa kile ambacho pande zote mbili hukitegemea, nacho ni kani ya oili.

Ndipo alipoanza kupima. Alilipeleka gari mahali tambarare likiwa limepata moto, akaacha injini ikinguruma, akaupitisha mkono wa gia katika kila nafasi tangu P hata L na kuurudisha P. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa chini ya alama ya joto. Akaidondosha juu ya kitambaa cheupe. Oili njema ya gari kama langu ni nyekundu. Iliyozeeka huwa ya hudhurungi. Iliyoungua huwa nyeusi na hunuka kama kitu kilichobabuka. Iliyofanana na maziwa yaliyotiwa rangi imeingiliwa na maji, aghalabu kutoka katika rejeta. Yangu ilikuwa ya hudhurungi, haikunuka moto, wala haikuwa na chembe za chuma. Akaingia uvunguni, akaona sili ya ekseli ya upande mmoja ikitoka jasho. Oili iliyopungua ilikuwa imepitia hapo.

Kisha aliuliza umeme. Katika Corolla za miaka hiyo zenye giaboksi inayoongozwa na kompyuta, fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, naye huhesabu mimeto ya taa ya O/D OFF. Mimeto sita, kituo, kisha miwili, ni 62, maana yake valvu ya umeme ya kwanza ina kasoro. 63 ni ya pili. Taa ya gari langu ilimeta sawasawa pasipo kituo, na hiyo ni ishara kuwa kompyuta haina malalamiko. Mwisho alitazama waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda giaboksi, ambao huiambia kani ya oili ipande kadiri dereva anavyokanyaga. Nafasi iliyo baina ya ncha ya ala ya waya na kizuizi chake haipasi kuzidi milimita 1; waya wangu ulikuwa umelegea kupita kiasi hicho. Ukilegea, kani huwa pungufu, na gia hubadilika mapema pasipo kushika vema.

Alitia sili mpya, akajaza oili ya aina inayotakiwa, akaukaza waya. Kisha alipima kwa saa muda wa kushika gia toka N: kwenda D haupasi kuzidi sekunde 1.2, na kwenda R sekunde 1.5. Alipima mara tatu kila upande, akipumzisha dakika moja baina ya kipimo na kipimo. Gari lilikuwa ndani ya kiwango. Kulikuwa na kipimo kimoja kikali zaidi, cha kuzuia magurudumu, kukanyaga breki na kukandamiza mafuta hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5, ili kuona injini inazunguka kwa kasi gani kabla ya kushindwa. Alikiacha. Alisema kipimo hicho chaweza chenyewe kuunguza bati dhaifu, na asiye na haja ya kumpiga shahidi asimpige. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya bei niliyotajiwa kwanza. Juma lililofuata gari lilipanda Kitonga pasipo kuteleza, likashuka na mama yangu likiwa limeshika gia ndogo.

Sisemi kuwa kila giaboksi iliyohukumiwa kifo huwa hai. Kama oili ingalikuwa nyeusi, yenye harufu ya moto na unga wa chuma, mzee angaliifungua, na pengine hukumu ya kwanza ingalithibitika. Wala oili mpya hairudishi bati zilizokwisha kuungua. Tofauti ya mafundi hawa wawili ilikuwa katika ushahidi. Mmoja alianza na mwisho. Mwingine alianza na rahisi kabla ya ghali, nje kabla ya ndani, upole kabla ya ukali. Utaratibu huo wautosha pia mwanafunzi aliye mbele ya shairi gumu au hati ya kale: asome kilichoandikwa kabla ya kusahihisha, na asitangaze kuwa mshairi amekosa mpaka aishe kuchunguza mwandishi aliyenakili.

Lipo na jambo la pili, nalo latuhusu sisi wa lugha. Twajitahidi kubuni majina ya vyombo vipya, na kazi hiyo ni njema. Jina la chombo humsaidia auzaye spea na anunuaye. Lakini mgonjwa huponywa na vitenzi. Kuchelewa, kuteleza, kupiga, kutetemeka, kuganda: maneno haya hayakubuniwa na baraza lolote. Yalikuwamo katika Kiswahili kabla ya gari la kwanza kushushwa pwani, na mafundi wameyapa maana kamili ambazo makamusi bado hayajazieleza zote. Mwenye kuyakusanya atahifadhi elimu, na mwenye kuyafundisha atawaokolea watu wengi fedha, na baadhi yao roho. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Yafaa tuongeze kwamba asiyejua kuyataja maradhi yake ameyaficha vilevile, ingawa hakukusudia.