Bibi na Moshi wa Majirani

Miaka ya 1980, mgeni aliyefika kwetu Buhinyuza, mkoani Muyinga, Burundi, akauliza kijiji kiko wapi, alioneshwa kilima. Kijiji hatukuwa nacho. Kila nyumba ilikaa peke yake katikati ya migomba yake, imezungushiwa ua wa miti, na hapo ndipo tulipopaita rugo. Jirani tulimjua kwa moshi wake. Alfajiri bibi alisimama mlangoni akaihesabu mioshi ya mteremkoni, na usipopanda mmoja, alinituma nikimbie kuuliza kuna nini.

Bibi mwenyewe alikuwa wa kuhamia. Kwao ni kando ya mto Ruvubu, ambako mwaka 1980 palifanywa hifadhi ya taifa, zaidi ya hekta 50,000, watu wakaondolewa na nyati na viboko wakabaki. Aliondoka na machipukizi ya migomba kichwani. Kaburi la mama yake limo humo ndani. Mawingu yakitokea upande ule, alikuwa akisema mvua hii imepita kwetu kwanza.

Kesi za mipaka na mbuzi walioingia shambani zilikatwa na bashingantahe, wazee walioaminiwa na kilima kizima, wakikaa chini ya mkuyu. Mwenye zamu ya kusema aliigonga ardhi kwa fimbo. Sisi watoto tulikaa mbali kidogo, tukingoja mwisho, maana mwisho ulikuwa chungu kimoja cha pombe ya mtama, mshtaki na mshtakiwa wakinyonya kwa mirija huku magoti yao yakigusana. Sijaona tena hukumu iliyonituliza moyo kama zile.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa. Siku zilizofuata moshi ulipanda mchana, mweusi, kutoka mapaa ya nyumba. Bibi alitazama, safari hii hakuhesabu. Tulivuka mpaka hadi Ngara, Tanzania. Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota huko kambini, kwenye foleni za maji.

Tuliporudi mwaka 2004, rugo halikuwepo. Miti ya ua ilikuwa imekatwa kuni, na mgomba mmoja tu wa Ruvubu ndio uliosalia. Watu walikuwa wakihimizwa kujenga pamoja, kando ya barabara, nasi tukajenga huko: matofali, mabati, nyumba kwa nyumba mstari mmoja. Faida yake naijua. Mgonjwa hupata pikipiki upesi, na bomba la maji haliko bondeni. Mwaka 2025 hata mkoa uliondoka. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi sasa ni Buhumuza.

Ila pale barabarani bibi hakuweza kuiona mioshi, kuta zilimziba. Asubuhi ya tatu nilimkuta amesimama chumbani, anaugonga kwa fimbo yake ukuta wa upande wa jirani, mama aliyerudi kutoka kambi nyingine na ambaye hatukuwa tumemzoea bado. Alingoja. Akagonga tena. Upande wa pili ukajibu kwa ngumi mbili, na sauti ya salamu ya asubuhi: “Mwaramutse!”