Petroli ya Dumu

Boti yangu ndogo ya matembezi hutumia petroli. Jumapili moja, kwa tamaa ya kuokoa shilingi chache, niliijaza petroli ya dumu niliyouziwa kando ya barabara. Kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya injini iligonga, ikatoa moshi mzito, ikazima. Wanangu walinitazama kimya. Mvuvi aliyetuvuta hadi pwani alinusa dumu, akasema: “Mwalimu, humu mna mafuta ya taa.”

Gari likizimika, abiria hushuka. Baharini hakuna pa kushukia.

Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili kukomesha uchakachuaji. Aliyelipa ni bibi wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote. Darasani nimewalaumu wafanyabiashara na watawala kwa hilo. Sikuwahi kumtaja mteja anayejua fika kwamba bei ile si ya halali, naye akanunua. Mteja huyo ni mimi.

Siku hizi hujaza tangi kituoni na kudai risiti. Gharama imepanda, ni haki yangu kuilipa mimi, si bibi yule.