Asili za Watu wa Mjini: Tuzitafute Wapi?

Ukimwuliza mkazi wa Kinondoni au Temeke kwao ni wapi, ni nadra akujibu kwamba ni hapa. Atakutajia Rufiji, Songea au Ujiji; na wengine, wakipanda juu zaidi katika ukoo, watakutajia Kongo, Sudani, Ngazija au Msumbiji. Mjukuu anayetaka kuujua ukweli wa maneno hayo aanzie wapi?

Wengi hufikiria makaburi. Basi twende kando ya barabara iendayo Bagamoyo, katika Makaburi ya Vita. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha barabara mpya. Miaka michache baadaye yakaletwa mengine yapatayo 1,000 kutoka pembe mbalimbali za nchi. Pita polepole kati ya safu zile. Mzungu ana jiwe lake, jina lake, kikosi chake na siku aliyokufa. Lakini kule Ocean Road makaburi ya Waafrika hayakuwa yametiwa alama moja moja. Kwa hiyo mifupa yao ikazikwa upya kwa pamoja, kila kundi likawekewa ukuta wa ukumbusho. Mjukuu hawezi kuweka mkono juu ya jiwe akasema: huyu ndiye.

Kutoka hapo nenda Upanga, mtaa wa Vijibweni, ziliko Nyaraka za Taifa. Humo mna majalada ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza waliofuata. Usitarajie kumkuta babu yako amekaa anakusubiri. Majalada hayo yaliandikwa kwa ajili ya kodi, mishahara na adhabu, si kwa kutunza nasaba. Na mengi ya Kijerumani yana mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Jina nalo liliandikwa jinsi sikio la karani lilivyolisikia.

Tena jina laweza kukupoteza njia. Mtu akisikia Kleist Sykes, jina lililopewa mtaa mmoja wa jiji hili, atadhani ni Mjerumani au Mwingereza. Kumbe baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari waliokodiwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 kuja kupigana na Abushiri. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa na Affande Plantan, askari mwenzake marehemu. Mwaka 1929 Kleist huyo alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama ambacho baadaye kiliitwa TAA, na mwaka 1954 kikazaa TANU.

Haya twayajuaje? Kleist mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 1949, aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akayatumia maandishi hayo kuandika sura katika kitabu Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe na kutoka mwaka 1973. Karatasi zilizotunzwa nyumbani zilisema mengi kuliko jalada lolote la bwana mkubwa.

Kwa hiyo, kabla ya Upanga, pita kwanza kwa bibi huko Temeke. Mwombe akufungulie sanduku: stakabadhi za kodi, cheti cha ubatizo au cha ndoa, kipande cha kazi, picha yenye mwandiko nyuma yake. Mwulize jina la utani la babu, jina la bwana aliyemwajiri, na jina la kijiji kama yeye bibi anavyolitamka. Andika siku hiyohiyo, na tarehe uitie. Akikwambia kwamba ninyi ni Wamanyema, usitosheke. Mwulize ni Wamanyema wa wapi, kwani jina hilo walibandikwa watu wa makabila mengi waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.