Swali la Mtoto wa Chuoni

Ndugu zetu wasomaji, khususan nyinyi mnaolea watoto katika mitaa ambayo adhana na kengele husikika pamoja, twataka kuwasimulia kosa letu. Si jambo tamu kwa mwalimu kuungama mbele ya watu, lakini kosa lililotendwa mbele ya wanafunzi arubaini haliwezi kusahihishwa kwa siri.

Alasiri moja tulikuwa tukisomesha Sura ya Maryam, mtoto mmoja wa miaka kumi hivi akainua mkono akauliza: "Maalim, ikiwa Nabii Isa alikuwa akisali na kumwomba Mungu, mbona Wakristo hawamfuati tu kama alivyofanya, bali wamwabudu yeye mwenyewe?" Swali lilikuwa zuri kupita jawabu letu. Maghribi ilikuwa imekaribia, nasi tukamjibu kwa haraka kwamba hapo zamani walimjua kuwa ni mtume tu, kisha akaja mfalme wa Warumi, akawakusanya makasisi na kuwaamrisha wamfanye Mungu, nao wametii mpaka leo. Jawabu hilo tulilisikia kwa maalim wetu, na sisi tumelitoa, Mungu atusamehe, kwa miaka isiyopungua ishirini na mitano.

Siku ya tatu akaja jirani yetu. Huyu ni fundi seremala na mzee wa kanisa, ametupita umri kidogo. Marufaa yote wanayowekea watoto wetu misahafu ameyafanya yeye, na hakutaka ujira ila bei ya mbao. Hakuja kwa hasira. Alikaa barazani, akanywa kahawa, kisha akasema: "Maalim, mjukuu wangu ameambiwa na mwanafunzi wako kwamba sisi twamwabudu Yesu kwa amri ya serikali. Mimi nimeamka kabla ya jua kusali kwa miaka hamsini. Je, wadhani huamshwa na serikali?"

Hatukuwa na la kusema. Tulimtaka radhi, naye akatusamehe, lakini usiku ule hatukulala vizuri. Tumeamrishwa katika Kitabu chetu tusiache uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, na huyu hatujapata kuchukiana naye hata siku moja.

Basi tukaanza kutafuta. Elimu yetu ni ya chuoni na ya madarasa machache ya skuli, lakini mpwa wetu ana vitabu vya tarekhe, naye alitusomea na kutufasiria tuliposhindwa. Jambo la kwanza lililotushtua ni hili. Mkutano ule wa makasisi ni kweli ulikuwapo, mwaka 325, katika mji wa Nicaea, ambao leo ni Iznik katika nchi ya Uturuki, na aliyeuita ni mfalme Constantine. Mwaka 2025 ulitimiza miaka 1700. Lakini zaidi ya miaka 200 kabla ya mkutano huo, Bithynia, nchi ile ile ulimo mji wa Nicaea, ilikuwa na liwali wa Kirumi aitwaye Pliny. Kiasi cha mwaka 112 alimwandikia mfalme wake Trajan habari za Wakristo, naye hakuwa rafiki yao, kwani waliokataa kuiacha dini yao aliwaua. Katika barua hiyo aeleza kwamba walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kama aimbiwavyo mungu. Yaani ibada ile ilikuwako siku ambazo serikali ilikuwa ikiwachinja, sembuse kuwaamrisha! Na barua ya Paulo kwa Wafilipi, ambayo ni ya zamani zaidi, yataja kila goti kupigwa kwa jina la Isa.

Je, Nicaea waligombania nini? Kulikuwa na kasisi wa Iskandaria, jina lake Arius, aliyesema kwamba Mwana ni kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Sisi tulidhani huyo alikuwa karibu ya Mwislamu. Sivyo. Watu wake nao walibatiza kwa jina la Mwana na kumtukuza katika ibada. Ndipo Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa Iskandaria, akawabana: ikiwa ni kiumbe, nanyi mwamwabudu, basi mwaabudu kiumbe, na hiyo ni ibada ya kipagani. Twakiri kwamba hapo tulicheka peke yetu, kwani katika neno hilo moja Athanasius na sisi tu pamoja. Kiumbe haabudiwi. Yeye akatoka hapo kwa mlango wa kusema kwamba Isa si kiumbe, na sisi kwa mlango wa kusema kwamba asiabudiwe.

Ama wafalme, hawakuwa upande mmoja. Athanasius alifukuzwa mjini kwake mara tano na wafalme, wa kwanza akiwa Constantine huyo huyo, ambaye mwaka 337, akiwa kitandani kufa, alibatizwa na askofu aliyekuwa rafiki wa Arius. Mwanawe Constantius aliwapendelea wapinzani wa Nicaea waziwazi. Lau dini ile ingekuwa ya amri ya mfalme, ingalikwenda njia nyingine.

Tukarudi kwa jirani yetu karakanani, tukamwuliza kwa ulimi wa kujifunza: "Fundi, mwenendo wa Isa ni mzuri, hata sisi twausifu. Kwa nini hamkutosheka kuufuata?" Akashika ubao ulioliwa na mchwa, akaugonga kwa kidole. "Huu," akasema, "hautengenezeki kwa kuwekewa ubao mzima kando yake uutazame. Sisi twaamini mwanadamu ameharibika ndani tangu Adamu. Mfano mwema wamwonyesha tu jinsi alivyooza. Anahitaji kuumbwa upya, na anayeweza kuumba ni Muumba. Yesu ameniumba upya, na kama ndivyo, nitampa shukrani tu kama nimpavyo mwalimu?"

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba khitilafu yetu haianzi kwa Isa. Yaanzia kwa Adam. Kwetu sisi Adam alikosa, akatubu, Mola wake akampokea, na kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi. Tukamwambia fundi: "Sisi twasema ubao haukuoza. Una vumbi na mikwaruzo, na randa yake ni toba." Akacheka sana. Lakini hakukubali, nasi hatukukubali. Kwa mtu aliyepotea njia, mwongozi atosha. Kwa mtu anayejiona amekwisha kufa, mwongozi hamfai kitu. Kila mmoja amtukuza Isa kwa kadiri ya maradhi anayoyaona.

Wamekuwako Wakristo waliotaka kumfuata bila kumwomba. Mmoja ni Dávid Ferenc, askofu huko Transylvania, ambayo leo imo Romania. Alifundisha kwamba Isa asielekezewe dua, akafungwa gerezani Deva, akafia humo mwaka 1579.

Jumamosi tuliwakusanya watoto tukawaambia: lile tulilowafundisha halikuwa kweli, na kweli ni hii. Kisha tukawasomea tena jinsi Isa katika ulezi alivyonena kuwa yeye ni mja wa Mungu, na jinsi atakavyoulizwa Siku ya Kiyama kama ndiye aliyewaambia watu wamfanye mungu, naye akane. Imani yetu hatukuipunguza hata chembe. Tuliondoa uwongo uliokuwa umeegemezwa nayo.

Fundi alikuwako uani, akigundisha rufaa moja lililovunjika. Yule mtoto akainua mkono tena: "Maalim, na aliyeonyeshwa njia akawa hana nguvu ya kuitembea?" Tulinyamaza kitambo. Kisha tukamwambia ndiyo maana katika sala za faradhi twasoma Alhamdu mara kumi na saba kila siku, na kila mara twaomba kuongozwa, kwani kuonyeshwa mara moja hakutoshi.

Sauti ikatoka uani: "Basi hata nyinyi mwaomba kushikwa mkono."

"Twaomba, Fundi," tukamjibu, "lakini twamwomba aliyemwumba Isa."

Akatikisa kichwa akitabasamu, akabana rufaa kwa kamba, akatuambia tusiliguse mpaka kesho, gundi ikauke.